Je, Husuni Kubwa ya Kilwa ilikuwa ngome kweli?

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Lindi mjini. Mwaka jana nilivuka kwenda Kilwa Kisiwani na kupanda hadi Husuni Kubwa. Tuliambiwa kuwa maana ya jina hilo ni ngome, lakini sikuona tundu la mzinga, mnara wa ulinzi wala mahali pa askari kusimama. Je, ilikuwa ngome kweli? Nani aliijenga, kwa nini iliachwa, na leo hali yake ikoje? Nakusudia kuwapeleka wanafunzi wangu, na sipendi kuwaambia jambo ambalo si kweli.

Jibu: Macho yako hayakukudanganya, Mwalimu. Jina linasema ngome, jengo linasema kasri, na viwili hivyo vikigongana mimi husikiliza jengo. Neno husuni limetoka katika Kiarabu, hisn, ambalo wingi wake ni husun, yaani mahali palipojengewa kinga, na kwa Kiswahili cha zamani lilitumika sambamba na ngome bila tofauti kubwa. Yaelekea watu waliolibandika jina hilo walikuwa tayari wanatazama gofu: kuta nene zilizosimama peke yake juu ya genge, mbali na mji, miti imeota katikati yake, na hakuna aliyebaki wa kueleza nani alilala chumba kipi. Mtu akikuta kuta za namna hiyo mahali pa juu, fikra yake ya kwanza ni vita. Simlaumu, lakini sisi tunaofundisha hatuna budi kwenda hatua moja mbele yake.

Fikiria kwanza mahali penyewe. Husuni Kubwa imekaa juu ya genge upande wa mashariki wa mji wa kale, mwendo wa nusu saa hivi kwa miguu kutoka mahali boti zinapotia nanga, na chini yake ni maji ambayo vyombo vilivyotoka bahari kuu viliyapita vikiingia bandarini. Mwenye kukaa pale aliona kila tanga kabla ya watu wa mjini, na kila nahodha aliyeingia Kilwa aliliona kasri kabla ya kitu kingine chochote. Kwa hiyo mahali hapo pana faida ya ulinzi, sikatai. Lakini tazama mjenzi alivyopatumia: makazi ya mfalme mwenyewe yamewekwa kwenye ncha kabisa ya genge, penye upepo wa bahari, ambapo mtu mwenye hofu ya adui asingelaza watoto wake. Huyu alikuwa mtu anayetaka kuonekana, na wala hakujificha.

Mjenzi huyo ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala Kilwa takriban kati ya mwaka 1310 na 1333. Alikuwa wa ukoo wa Mahdali, ulioshika utawala mwishoni mwa karne ya 13 baada ya ule ukoo wa Washirazi ambao masimulizi ya Kilwa yanasema mwanzilishi wake, Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Masimulizi hayohayo yanasema kuwa al-Hasan bin Sulaiman, alipokuwa kijana, alikwenda Aden kusoma, kisha akahiji Makka. Safari hizo si jambo dogo. Mtu aliyekulia katika nyumba za Kilwa za wakati ule, kisha akaona majumba ya miji ya Kiarabu, alirudi na picha nyingine kichwani, na Husuni Kubwa ndiyo picha hiyo ilipotiwa chokaa.

Ushahidi kwamba ni yeye haukutokana na masimulizi peke yake. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960, alipata ndani ya magofu jiwe la tumbawe lililochongwa maandishi ya Kiarabu yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman na lakabu ya al-malik al-mansur, yaani mfalme aliyepewa ushindi. Vilipatikana pia vipande vya chupa ya kaure ya China, nyeupe yenye kugeuka samawati, ya zama za ukoo wa Yuan, na umri wake unaafikiana na miaka ya sultani huyo. Fedha za kujengea kitu kikubwa kiasi hicho zilitoka kusini: Kilwa ilikuwa imeishika biashara ya Sofala, bandari ambako dhahabu ya bara ya Zimbabwe ilishukia pwani, na huko Great Zimbabwe kwenyewe imepatikana sarafu ya shaba yenye jina lake. Ukiwa na wanafunzi, ningekushauri usimame juu ya genge uwaonyeshe upande wa kusini kabla ya kuwaonyesha kuta, kwa sababu kuta bila Sofala hazielezeki.

Sasa jengo lenyewe. Lina vyumba zaidi ya 100, na limegawanyika katika sehemu mbili ambazo mgeni mwenye haraka huzichanganya. Anayetoka kijijini hufikia kwanza ua mpana wa kusini uliozungukwa na safu za vyumba, na hapa wachimbaji wengi wanakubaliana kuwa palikuwa mahali pa kupokelea, kuhifadhi na kuuzia bidhaa. Kaskazini yake, kuelekea baharini, ndiko kwenye kasri: ua wa baraza wenye ngazi pana zinazofaa kukaliwa, makazi ya ndani, na lile birika la pembe nane ambalo kila mgeni hulipiga picha. Kutoka juu zilikuwapo ngazi za mawe za kushukia ufukweni. Kwa maneno mengine, mfalme alilala, alihukumu, alioga na aliuza katika jengo moja. Ghala lake lilikuwa chini ya macho yake, na hapo pengine ndipo tunapoweza kulikaribia wazo la ngome: kilicholindwa kilikuwa mali.

Kuhusu birika, waambie wanafunzi wasidhani lilijaa lenyewe. Hakuna mfereji wa kuliletea maji pale juu. Yalichotwa kisimani na kubebwa, ndoo baada ya ndoo, kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe lolote. Mimi kila nikisimama ukingoni mwa birika lile huwafikiria wao kabla ya yule aliyeoga.

Ufundi wa ujenzi unastahili kipindi kizima cha somo. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyokatwa nchi kavu na kushikanishwa kwa chokaa; mapambo ya milango na vibla yalichongwa kwenye matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado laini, ambayo hukauka na kuwa magumu yakipata hewa. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya rundo kubwa la magogo, kazi ambayo mafundi wa pwani yetu bado wanaijua. Dari za kawaida zililala juu ya boriti za mikandaa, na kwa kuwa boriti ya mkandaa haiwezi kubeba dari nzito ikizidi mita tatu hivi, nyumba zote za mawe za Uswahilini, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zina vyumba virefu lakini vyembamba. Wanafunzi huuliza kwa nini sultani tajiri alilala katika chumba chembamba kama ushoroba. Jibu liko msituni, kwenye mikoko. Katika sehemu fulani za Husuni Kubwa mafundi walijaribu kuikwepa sheria hiyo ya mkandaa kwa kujenga kuba na mapaa ya tao kwa zege la chokaa, na ujasiri huohuo unaonekana katika sehemu ya Msikiti Mkuu iliyoongezwa wakati wa sultani huyuhuyu.

Kwa nini iliachwa? Hapa ndipo jambo linaponivutia zaidi, kwa sababu Husuni Kubwa haikubomolewa na adui wala haikuzeeka. Uchimbaji unaonyesha kuwa haikumalizika kujengwa, na kwamba ilikaliwa kwa muda mfupi tu. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, wakati al-Hasan bin Sulaiman yuko kitini, na ametuachia habari zinazosaidia kuelewa. Anasema sultani aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Siku moja, sala ya Ijumaa ilipomalizika, fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizovaa, naye akarudi, akazivua na kumpa palepale. Mwanawe akazikomboa kwa fakiri yule kwa watumwa 10, na sultani aliposikia watu wanavyomshukuru akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Hadithi hiyo husimuliwa kwa kuusifu ukarimu, na wanafunzi wako wataipenda, lakini usiipite bila kuwaonyesha kuwa zawadi iliyosifiwa ilikuwa binadamu.

Ibn Battuta anaendelea kusema kuwa sultani huyo alipofariki alirithiwa na nduguye Daud, ambaye alikuwa kinyume chake: mwombaji akimjia alimjibu kuwa mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa. Maoni yangu, nayo ni maoni tu, ni kwamba katika jibu hilo tunasikia sauti ya mtu aliyerithi hazina iliyokwisha tumika, na jengo kubwa juu ya genge ambalo kulimalizia kungeimaliza pia hazina iliyobaki. Kasri lililojengwa kwa fahari ya mtu mmoja, mbali na mji, mbali na msikiti, na maji yake yakipanda kwa mabega, halina mrithi wa kulitaka. Inastaajabisha vilevile kuwa msafiri huyo, aliyesimulia hata nguo za fakiri, hakulitaja kasri hilo hata kwa neno moja, na mji aliueleza kuwa umejengwa kwa miti.

Kabla hatujaondoka juu ya genge, kuna Husuni Ndogo, jirani yake, ambayo wageni wengi hawafikishwi. Hii ni ua wa mstatili wenye urefu wa mita 70 hivi kwa upana wa 50, kuta zake nene zikiwa na minara midogo kwenye kona na pande zake. Kwa sura inafanana na ngome kuliko dada yake mkubwa. Ajabu ni kwamba ndani yake hamna kitu cha maana kilichojengwa, na matumizi yake yamekisiwa kuwa soko, kambi, hata msikiti uliokusudiwa lakini haukujengwa. Mtu akiniuliza ni wapi pa kulitumia neno husuni kwa haki, nitamwelekeza huku, kisha nitamwomba asiniulize mengi zaidi.

Ngome ya kweli ya Kilwa, yenye kazi ya ngome, umeipita uliposhuka kwenye boti. Ni lile jengo la mraba ufukweni linaloitwa Gereza. Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji Julai 1505, sultani Ibrahim akakimbia, nao wakajenga haraka ngome waliyoiita Santiago, wakaweka mtu wao kitini. Haikuwafaa. Biashara ya dhahabu ilikwepa mkono wao, maradhi yakawapunguza, na mwaka 1512 wakaondoka. Jengo unaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, lililosimamishwa juu ya mabaki ya ile ya Wareno karibu na mwaka 1800, lenye minara kwenye kona mbili zinazotazamana kwa mshazari, kama ilivyo desturi ya ngome za Oman. Jina lake nalo limewapoteza wengi. Neno gereza limetoka katika Kireno, igreja, yaani kanisa. Kwa Waswahili likawa jina la ngome iliyokuwa na kanisa ndani yake, na baadaye, kwa kuwa ngome zilitumika kufungia watu, likawa jina la jela. Ukisikia mtu anawaambia wageni kuwa jengo lile lilijengwa liwe jela ya watumwa kwa sababu tu linaitwa Gereza, ujue kuwa amesoma historia kwa kuanzia mwisho wa neno.

Sisemi hivyo ili kupunguza habari ya utumwa, ambayo Kilwa inayo ya kutosha. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi, na katika karne ya 19 biashara hiyo ikahamia Kilwa Kivinje, bara, ambako misafara ya kutoka Ziwa Nyasa iliishia. Kisiwa kikabaki kimya. Sultani wake wa mwisho alihamishwa na Waomani katika miaka ya 1840, na Wajerumani walipokuja walijenga boma lao Kivinje, hukohuko walikomnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyeongoza upinzani dhidi yao, mwaka 1895.

Kuhusu hali ya leo, jambo la kwanza ni kwamba magofu haya hayako katika nchi isiyo na watu. Kilwa Kisiwani ni kijiji. Wapo wavuvi, wapo akina mama wanaotafuta pweza maji yakitoka, ipo minazi na mibuyu, na nyumba nyingi ni za miti na udongo, zikipakana na kuta za karne ya 15. Mtoto wa pale hupita ndani ya historia anapotumwa chumvi. Kwa hiyo uhifadhi wowote uliowahi kufanikiwa umepita mikononi mwa wanakijiji: ndio wanaofyeka, ndio wanaochoma chokaa, na baadhi yao wamefundishwa uashi wa kale na sasa ni mafundi kuliko wahitimu wengi wa mjini. Nimewahi kumsikia mzee mmoja wa pale akimkatalia mhandisi kuhusu kiasi cha mchanga wa kuchanganya na chokaa, na mvua ya masika iliyofuata ikampa haki mzee.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya miaka ya ukarabati uliosaidiwa na wafadhili kutoka nchi mbalimbali, zikiwamo Ufaransa, Japani na Marekani. Siku hizi eneo linasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, jambo linalowashangaza wageni wanaotafuta nyumbu na kukuta misikiti.

Adui wa Husuni Kubwa kwa sasa ni maji, na hayaji kutoka baharini peke yake. Gereza, lililoko ufukweni, linaliwa na mawimbi. Juu ya genge ni mvua. Paa likishaondoka, vichwa vya kuta hubaki wazi, lipu hubanduka, maji huingia katikati ya ukuta na kuilegeza chokaa, kisha hutiririka kuelekea ukingoni na kuchukua udongo pamoja nayo, hivi kwamba vyumba vya ukingoni kabisa ndivyo vilivyo katika hatari ya kuporomoka na genge lenyewe. Miti na vichaka vilivyoota mtelemkoni huushika udongo usiondoke. Lakini mizizi yao hupenya katika mishono ya mawe na kuyapasua. Ukifyeka, genge huliwa. Usipofyeka, kuta hupasuliwa. Ndiyo maana kazi ya pale huenda polepole, mti baada ya mti, na mtu anayeona kichaka juu ya ukuta na kudhani ni uvivu wa wahusika huenda hajui kilichoachwa kimeachwa kwa sababu gani.

Utaulizwa pia na wanafunzi kwa nini kuta haziimarishwi kwa saruji, jambo likaisha. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipitishi unyevu kama chokaa. Ukuta wa kale hunyonya maji na kuyatoa; ukiuvika saruji, maji na chumvi hufungiwa ndani, jiwe linaanza kuoza nyuma ya lipu nzuri, na siku lipu inapoanguka huja na uso wa ukuta. Yapo maeneo ya pwani ambako kosa hilo lilifanywa kwa nia njema, na kulirekebisha kumegharimu kuliko kutofanya kitu.

Kwa safari yenu, ningechagua kati ya Juni na Oktoba, masika yakiwa yamekwisha na njia ya kupanda genge haitelezi. Mtateremka au kubadili gari Nangurukuru, mwende Kilwa Masoko, mpate kibali hapo kabla ya kuvuka. Kutoka Masoko hadi kisiwani ni kama kilomita 2 tu za maji. Ulizeni mapema habari za maji kupwa na kujaa, vinginevyo vijana watatembea kwenye matope. Anzeni na Husuni asubuhi jua likiwa dogo, kisha mrudi mjini kwenye Msikiti Mkuu na kasri la Makutani, mkamalizie Gereza karibu na boti, maana wengi hufanya kinyume na kufika juu ya genge wakiwa wamechoka na maji ya kunywa yamekwisha. Na njiani wataviona vigae, vingine vya kaure yenye kung'aa, vimelala juu ya mchanga kama havina mwenyewe. Waruhusu wainame wavitazame, wavihesabu, hata wavichore daftarini, lakini visihamishwe hata hatua moja: kigae kilichotolewa mahali pake hakiwezi tena kutueleza ni chumba gani kilivunjikia.